Beta-bloka: uchovu, vidole baridi, ndoto mbaya na mapigo 48. Yapi ni maudhi ya kawaida, yapi ni hatari?

Mlezi_wa_Bimkubwa aliuliza:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua vizuri dawa za moyo, hasa kundi la beta-bloka.

Mgonjwa ni mama, miaka 61, kilo 72. Ana presha ya kupanda, kisukari cha ukubwani, na kifua kinachombana akipanda ngazi. Anatumia metoprololi mg 50 asubuhi na mg 50 jioni (vidonge vya kawaida, si vile vya kuachia dawa taratibu), amlodipini mg 5 ya presha, aspirini mg 75, na metformini na gliklazidi za kisukari. Metoprololi ameingia nayo wiki ya saba. Kifua kimetulia sana, hilo halina ubishi. Wiki za mwanzo alichoka kidogo, kisha uchovu ukaanza kumwachia. Ila wiki mbili hizi:

- uchovu umerudi kwa nguvu, anasema miguu mizito kama kafungiwa mawe
- vidole vya mikono na miguu ni baridi muda wote
- ndoto za kutisha. Anashtuka saa nane usiku na usingizi haurudi
- kizunguzungu akiinuka kitandani
- mapigo ya asubuhi 48 hadi 52, zamani yalikuwa 60 na kitu
- juzi alilowa jasho ghafla, lakini hakutetemeka wala moyo haukwenda mbio

Maswali: (1) yapi kati ya haya ni ya kawaida? (2) yapi ni ya kukimbilia hospitali? (3) kuna mtu kamshauri aache dawa wiki moja "mwili ujisafishe", kisha aanze upya. Ni sawa?

Mfamasia_wa_Zamu:

Naanza na la 3 maana ndilo linaloweza kuua. Asiache kwa ushauri wa huyo mtu.

Metoprololi inakalia vipokezi vya beta, ile milango ambayo adrenalini huitumia kuuamuru moyo uongeze kasi. Milango ikizibwa wiki nyingi, seli za moyo huongeza mingine. Ukiondoa dawa kwa mkupuo, adrenalini ileile ya kila siku inakuta milango mingi kuliko zamani, na yote iko wazi. Moyo unakimbia, presha inapaa, na kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imebana, kama mama yako, hapo ndipo mshtuko wa moyo hutokea. Marekani dawa hizi zinauzwa na onyo maalumu, lililozungushiwa mstari kwenye karatasi ya maelezo, kwa ajili ya jambo hilo moja. Anayeachishwa hushushwa ngazi kwa ngazi kwa wiki 1 hadi 2, au zaidi, huku akiambiwa asijichoshe. Kifua kikianza kubana tena, anarudishiwa. Na hakuna cha kusafisha: nusu ya metoprololi hutoka kwenye damu ndani ya saa 3 hadi 7. Inayobaki ni milango ya ziada.

Daktari akiona mapigo yameshuka mno anaweza kusimamisha dozi moja au kuipunguza. Hilo ni jambo jingine, linafanyika kwa kipimo, si kwa kujipumzisha.

Sasa la 1. Kero nyingi ulizotaja ni dawa ikifanya kazi yake ileile mahali ambapo hamkuihitaji. Vipokezi vya beta-1 viko zaidi kwenye moyo na figo. Vikizibwa, moyo unapiga polepole na bila nguvu nyingi, figo zinapunguza homoni ya renini, presha inashuka. Beta-2 viko kwenye njia za hewa, mishipa ya damu, misuli na ini. Vikizibwa, njia za hewa hubana, mishipa ya vidoleni hunywea, na ini linachelewa kumwaga sukari ya akiba. Propranololi inaziba vyote bila kuchagua. Metoprololi, bisoprololi na atenololi zinaelemea beta-1, lakini kuelemea si kuishia hapo: dawa ikijaa kwenye damu, uchaguzi wake unapotea.

Uchovu una hesabu nyepesi. Mtu akipanda ngazi, moyo ulipaswa kufika mapigo 110, unaishia 85. Damu inayofika miguuni ni pungufu, ndiyo uzito anaousikia. Kwa kawaida uchovu huu huja dawa inapoanza au siku dozi inapopandishwa, halafu hufifia wiki chache mwili unapozoea.

Ndipo simulizi yako inaponipa shaka. Ulikuwa unafifia, ukarudi, na mapigo yakashuka bila dozi kuguswa. Ama dawa imezidi kwenye damu, ama njia za umeme za moyo zina tatizo lake. Mwanzoni mwa wiki ya tano au ya sita aliongezewa nini? Taja kila kitu: dawa ya fangasi, ya mafua, ya usingizi, hata matone ya macho.

Mlezi_wa_Bimkubwa:

Dah. Wiki ya tano kweli alianzishiwa fluoksetini mg 20 kwa ajili ya sonona, kliniki nyingine kabisa. Sikuiandika kwa sababu si ya moyo.

Mfamasia_wa_Zamu:

Basi tumeshika pa kuanzia.

Metoprololi ikimezwa, karibu nusu yake inavunjwa na ini kabla haijafika kwenye mzunguko wa damu. Anayevunja ni kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Fluoksetini inamfunga mikono kimeng'enya huyo, na paroksetini, dawa nyingine ya sonona, vivyo hivyo. Kwa hiyo kidonge kimeandikwa 50, mwili unakipokea kama kikubwa zaidi, na kinakaa muda mrefu zaidi. Mapigo yanashuka, presha inashuka, ule uchaguzi wa beta-1 unaanza kupotea na vidole vinakuwa baridi. Na metoprololi ni dawa inayoyeyuka kwenye mafuta, hupenya hadi kwenye ubongo; ikizidi kwenye damu, inazidi na kichwani. Orodha yako karibu yote inaingia humo.

Msije mkaitupa fluoksetini leo mkitegemea kesho mapigo yapande. Fluoksetini na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kimeng'enya kinaendelea kufungwa muda wote huo. Pia sonona nayo inamhitaji daktari wake.

Daktari ana njia tatu hapa. Ya kwanza, kupunguza metoprololi, mfano mg 25 mara mbili, na kufuatilia mapigo. Ya pili, kuhamia beta-bloka isiyotegemea kimeng'enya hicho: bisoprololi, ambayo nusu hutolewa na figo na nusu na ini kwa njia nyingine, au atenololi, inayotoka kwa figo. Tahadhari: karvediloli na nebivololi nazo zinapitia CYP2D6, kwa hiyo kuhamia huko si kukwepa. Ya tatu, kubadili dawa ya sonona. Sertralini kwa dozi ndogo hukifunga kimeng'enya hicho kidogo tu. Ipi ichaguliwe inategemea figo zake, ECG yake (kipimo cha umeme wa moyo), na sonona yenyewe imefika wapi.

Ukiona atenololi inatajwa, ulizeni kipimo cha figo kwanza. Figo zikiwa dhaifu inajazana: uwezo wa figo kuchuja ukiwa kati ya mililita 15 na 35 kwa dakika, haipaswi kuzidi mg 50 kwa siku, chini ya 15, mg 25. Mwenye kisukari wa miaka 61 si mtu wa kubahatishwa kwenye hilo.

Nesi_Wodi_ya_Moyo:

Kabla hujampigia daktari, pata namba zinazoaminika. Mashine ya presha inaonyesha mapigo lakini inaweza kudanganya: mtu akiwa na mapigo ya ziada yanayoruka, mashine huyakosa yale dhaifu na kukuandikia 40 wakati moyo unapiga 60 na zaidi. Kwa hiyo hesabu kwa mkono.

Akae kitini dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, asiwe amekunywa kahawa wala chai nzito nusu saa iliyopita. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya dole gumba lake, kwenye kiganja kinapoungana na mkono. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu sekunde 60 nzima. Ile ya kuhesabu 15 na kuzidisha kwa 4 ukikosea pigo moja umekosea manne, na kwa mtu wa 48 manne ni mengi. Andika pia kama yanakwenda sawa au yanaruka. Fanya kabla ya kidonge cha asubuhi na kabla ya cha jioni.

Kizunguzungu nacho kipimwe, kisisemwe tu. Alale chali dakika 5, pima presha. Asimame, pima dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha inaanguka akisimama. Hapo amlodipini nayo ni mshukiwa, si metoprololi peke yake. Wakati mnangoja jibu, asiinuke kwa mruko: akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi hivi, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Anayekwenda msalani usiku awashe taa kwanza. Nimeona nyonga nyingi zikivunjwa na safari ya hatua sita.

Kuhusu la 2, mpaka ninaoutumia ni huu. Mapigo 50 hadi 60 bila dalili yoyote, kwa mtu aliye kwenye beta-bloka, mara nyingi ndipo daktari alipotaka afike. Chini ya 50 huku kuna dalili, kama mama sasa: mpigie daktari leo, tena kabla ya dozi inayofuata, umuulize kama anywe au asubiri. Akizimia, au akikaribia kuzimia, mapigo yakishuka chini ya 40, akihema kwa shida, kifua kikimbana akiwa amekaa, au akichanganyikiwa: hospitali wakati huohuo, mchana au usiku. Na aende na pakiti zote za dawa kwenye mfuko mmoja, zile za kliniki zote mbili. Kosa hili lilizaliwa kwa sababu kliniki mbili hazikuona mfuko mmoja.

Sukari_na_Moyo:

Wote mmeruka lile jasho. Mimi ndilo lililonishtua kuliko vidole.

Gliklazidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Fluoksetini nayo inaweza kuishusha zaidi kwa mwenye kisukari. Mtu wa kawaida sukari ikishuka adrenalini inapiga kengele: mikono inatetemeka, moyo unadunda. Beta-bloka imezima kengele hizo mbili. Jasho halizimwi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya tezi za jasho inatumia kemikali nyingine, asetilikolini. Kwa hiyo mtu aliye kwenye beta-bloka anayelowa jasho ghafla, bila kutetemeka, atendewe kama sukari imeshuka mpaka kipimo kikatae. Njaa ya ghafla, kichwa kuwa kizito, maneno kumkwama, hasira isiyo na sababu: hizo nazo zinabaki.

Pima hapo hapo. Chini ya 4.0 (au chini ya 70 kama mashine yenu inasoma miligramu), mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu, na chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikishapanda, ale chakula cha wanga. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, ita msaada.

Na sasa ndoto. Anashtuka saa nane usiku, kila usiku. Sukari ikishuka usingizini inaleta ndoto za kutisha, shuka zilizolowa, na kichwa kumuuma asubuhi. Kabla hamjaibebesha metoprololi lawama yote, mpime siku mbili tatu saa anaposhtuka. Dakika moja ya glukomita itamaliza ubishi.

Kaka_Mkimya:

Samahani naingilia. Mbona hamsemi kwamba beta-bloka ndizo zilizoleta hiyo sonona yenyewe? Kila mtu anajua zinaleta huzuni. Na nguvu za kiume je?

Mfamasia_wa_Zamu:

@Sukari_na_Moyo nimekubali, jasho nililipita. Shukrani.

@Kaka_Mkimya, hilo la huzuni ni imani ya zamani iliyoanzia enzi za propranololi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002 uliunganisha majaribio 15 yenye wagonjwa zaidi ya 35,000: sonona haikuongezeka kwa maana yoyote ya kitakwimu. Uchovu uliongezeka kwa watu 18 katika kila 1,000 kwa mwaka, na matatizo ya tendo la ndoa kwa watu 5 katika kila 1,000. Madhara yapo, lakini madogo kuliko sifa yake. Kinachowachanganya watu ni kwamba aliyechoka, asiyelala vizuri na asiyeweza kutembea alivyozoea anafanana sana na mwenye sonona. Na mtu aliyetoka kuambiwa moyo wake ni mgonjwa ana sababu zake za huzuni.

Usingizi ni suala jingine, huo dawa zinaugusa kweli. Licha ya kupenya kwenye ubongo, ni kwamba tezi inayotoa melatonini, homoni ya usiku, inaamriwa kupitia vipokezi vya beta. Ukiviziba, melatonini inapungua. Propranololi na metoprololi ndizo zenye lawama zaidi kwa ndoto, atenololi kidogo. Fluoksetini nayo inavuruga usingizi, kwa hiyo imezwe asubuhi. Kidonge cha jioni cha metoprololi kimezwe pamoja na chakula cha jioni, kisiwe cha kulalia.

Nguvu za kiume: kuna utafiti wa mwaka 2003 ninaoupenda. Wanaume 96 wenye ugonjwa wa moyo walipewa atenololi mg 50. Theluthi moja hawakuambiwa ni dawa gani, theluthi waliambiwa jina tu, theluthi waliambiwa jina na kwamba inaweza kuathiri tendo la ndoa. Waliolalamika walikuwa asilimia 3.1, 15.6 na 31.2 kwa mpangilio huo. Dawa ileile, dozi ileile. Sisemi ni uongo wa wagonjwa. Hofu nayo inafanya kazi kwenye mwili. Lakini mwanaume mwenye presha, kisukari na sigara ana sababu tatu za tatizo hilo kabla hajafungua pakiti. Kama linaendelea, nebivololi mara nyingi ndiyo huwa afadhali, kwa kuwa inailegeza mishipa kupitia nitriki oksaidi. Na akitaka vidonge vya kusaidia tendo la ndoa amwambie daktari kwanza. Akiwa anatumia dawa za naitreti za kifua, mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha hadi kifo.

Pumzi_Fupi:

Na mwenye pumu? Kuna ndugu kapewa propranololi ya kutetemeka mikono, na ana pampu ya salbutamoli.

Nesi_Wodi_ya_Moyo:

Huyo arudi kwa aliyemwandikia leo, na aliyempa aambiwe kuhusu pumu. Salbutamoli inafungua njia za hewa kupitia beta-2, na propranololi inaziba beta-2. Akibanwa, pampu itapulizwa na haitajibu. Zile zinazoelemea beta-1 wakati mwingine hutumika kwa tahadhari kwa mwenye pumu isiyo kali, kwa dozi ndogo na chini ya uangalizi, propranololi, hapana.

Matone ya timololi ya presha ya macho yana hatari ileile, na watu huyasahau kwa sababu ni tone. Tone linashuka kupitia kona ya jicho hadi puani, linanyonywa na kuingia kwenye damu bila kupita kwenye ini. Ukidondosha, fumba jicho na ubonyeze kona ya ndani, upande wa pua, dakika 2.

Na mwenye mzio mkali anayetembea na sindano ya adrenalini ajue beta-bloka inaweza kuifanya sindano hiyo isifanye kazi vizuri. Wahudumu waambiwe mapema, wana dawa nyingine ya kusaidia, glukagoni.

Mfamasia_wa_Zamu:

Naongeza mafupi ambayo watu huyauliza kaunta.

Vidole baridi: soksi na glavu zinasaidia kuliko kupasha vidole moto ghafla. Sigara inavizidisha. Dawa za mafua za kuzibua pua, zenye pseudoefedrini, zibaki kwenye rafu. Zinabana mishipa na kupandisha presha. Kidole kikiwa cheupe au cha buluu, au kikitoka kidonda, hayo si maudhi tena.

Uzito: kilo moja au moja na nusu miezi ya mwanzo inaonekana kwa baadhi. Kilo 2 ndani ya siku 3 pamoja na miguu kuvimba ni maji, si mafuta, hasa kwa mwenye moyo uliodhoofika. Kwa hao dawa huanza chini mno, bisoprololi mg 1.25 au karvediloli mg 3.125 mara mbili, na hupandishwa kwa kuzidisha mara mbili si mapema kuliko kila wiki 2. Wanaoruka ngazi hizo ndio wanaoishia kulazwa. Karvediloli imezwe na chakula, la sivyo inaingia kwa kasi na kumwangusha mtu akisimama.

Mazoezi: ile kanuni ya 220 kutoa umri itupwe, mapigo hayatafika huko. Kipimo ni maneno: aweze kuongea sentensi nzima akitembea, asiweze kuimba.

Akisahau kidonge, akimeze akikumbuka, isipokuwa kama muda wa kinachofuata umekaribia. Hapo akiache kilichopita. Asimeze viwili. Verapamili na diltiazemu, ambazo pia ni za moyo na presha, zisichanganywe na beta-bloka bila daktari wa moyo kujua, kwa sababu zote zinabana njia ileile ya umeme na moyo unaweza kusimama. Amlodipini haina shida hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa siku nyingi zinapunguza nguvu ya dawa za presha. Na kabla ya upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi aambiwe. Kwa kawaida dawa huendelea hadi asubuhi ya siku yenyewe.

Mlezi_wa_Bimkubwa:

Wakuu, mrejesho mfupi. Mapigo ya mkono kabla ya kidonge cha jioni: 47, hayaruki. Presha kalala 124/74, kasimama dakika ya 3 ni 102/66. Sukari saa nane usiku: 3.4, nikampa sukari kwenye maji, ikafika 5.8. Daktari kaambiwa zote. ECG imeonyesha moyo unakwenda polepole lakini njia za umeme hazijaziba. Metoprololi imeshushwa hadi mg 25 mara mbili, gliklazidi imepunguzwa nusu, fluoksetini inaendelea. Kurudi baada ya siku 7. Vidonge tulivyo navyo ni vya 50, je, nivikate?

Mfamasia_wa_Zamu:

Vya kawaida vyenye mstari katikati vinakatwa, tena kwa kikata vidonge, si kwa kisu cha jikoni; nusu moja ikiwa kubwa, nyingine inakuwa ndogo na mapigo yatakuonyesha. Kata kimoja kimoja siku ya kutumia, usikate pakiti nzima. Vile vya kuachia dawa taratibu, kama siku moja atabadilishiwa, vingine vinagawanyika kwenye mstari wake, lakini havisagwi wala kutafunwa, maana dozi ya siku nzima inamwagika kwa mara moja. Avimeze kwa namna ileile kila siku, na chakula au mara tu baada ya chakula, kwa sababu chakula huongeza kiasi kinachoingia. Sukari ya saa nane iendelee kupimwa wiki hii yote.

Na kuna jambo la miezi ijayo, liandikeni kwenye kadi yake sasa. Dozi hii ya 25 imepimwa huku fluoksetini ikiwa ndani. Siku daktari wa sonona atakapoisimamisha, kimeng'enya kitafunguka polepole kwa wiki kadhaa, metoprololi itaanza kuvunjwa kwa kasi yake ya zamani, na 25 itakuwa ndogo. Mapigo yatapanda, na kifua kinaweza kurudia kubana kwenye ngazi zilezile. Kadi isomeke: "Fluoksetini ikiachwa, dozi ya metoprololi ipimwe upya." Na isomwe na kliniki zote mbili.